Antena ya Gari la Kisomo

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gari la kisomo cha watu wazima, nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Nilikuwa nimesoma shule ya jioni pale mtaa wa Kanyenye, miaka miwili ya umeme na redio, na mchana nauza vitumbua na mama. Fundi Mkuu alinitazama kuanzia ushungi mpaka viatu.

"Binti, unaweza kupanda juu ya gari?"

"Nitajifunza, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ungeanza na hiyo salamu."

Gari lenyewe lilikuwa lori dogo lenye bodi ya mbao. Ndani vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, na redio kubwa ya betri; spika zilikaa juu ya paa. Enzi zile za ujamaa tulizunguka nalo vijiji vya kando ya reli na ile njia ya zamani ya misafara, wiki nzima hatujaona nyumbani. Mimi na mwalimu wa kisomo, mama mmoja Mkatoliki, tulilala ndani. Fundi Mkuu na dereva walilala kwenye hema. Mwenzangu akishika rozari, mimi natandika mswala, na hakuna aliyemwambia mwenzake asogee.

Kila Alhamisi alasiri somo lilikuja kwa redio kutoka Dar es Salaam. Watu wanakaa, wanasikiliza, halafu mwalimu anawaongoza kulijadili. Sauti isipokuja, hakuna somo.

Tulikuwa na antena za aina mbili. Ya kwanza fimbo ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa gari. Unaivuta juu, umemaliza. Lakini inanasa kidogo, na matawi ya porini yalishaivunja mara mbili. Ya pili waya wa shaba wa hatua thelathini, unaotundikwa juu kati ya miti miwili. Kila ncha inafungwa kikombe cha kauri, ili mawimbi yasivujie kwenye mti mbichi. Waya unanasa vizuri sana masafa mafupi, ila unataka muda na uwanja. Fundi Mkuu alipenda fimbo.

"Gari ni gari, binti. Halifungwi kamba kama mbuzi."

Sasa, kijiji cha Kigwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mnyamwezi mtu mzima, alikuwa na ofisi yenye kibaraza kipana cha mabati, na mabati yenyewe hayakuwa mengi pale kijijini. Alhamisi ikifika anafagilisha kibaraza, gari linaingizwa chini yake, na vigoda vinapangwa. Hiyo ndiyo heshima ya mgeni. Mgeni kuikataa ilikuwa kama kusukuma sahani ya chakula. Basi wiki tatu mfululizo tuliketi kivulini, na redio ikakoroma tu.

Wiki ya tatu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza, "Dada, hii redio inaumwa? Tumeacha mavuno kuja kusikiliza kukoroma?"

Nusu ya watu walikuwa hawajaja. Tuliporudi mjini, Afisa wa Elimu ya Watu Wazima alisema neno moja tu. "Alhamisi ijayo Kigwa wasiposikia, gari linahamia wilaya nyingine. Wapo wanaoliomba."

Neno lile lilinikaa. Wale akina mama walikuwa wameanza kusoma. Gari likiondoka, ndiyo basi tena. Nyumbani, mtaa wa Mtendeni, nikachukua redio ndogo ya mama, nikaiingiza jikoni chini ya mabati: sauti ikafifia. Nikatoka nayo uani: ikarudi. Nikaingia, nikatoka.

"Una nini wewe?" mama akauliza. "Unazunguka kama unatafuta kuku."

Kosa lilikuwa ni pale tunaposimama. Alhamisi, njiani, nikamwambia Fundi Mkuu: waya, siyo fimbo, na gari likae mbali na kibaraza.

"Unataka nikamwambie mzee wa watu kibaraza chake hakifai? Nenda mwenyewe."

Nikaenda. Nikasema bismillahi moyoni, nikapiga goti, nikaamkia, nikaeleza. Mwenyekiti akainua macho, akayatazama mabati ya kibaraza chake.

"Kwa hiyo mabati yangu ndiyo adui wa ujamaa?"

"Hapana, baba. Yanazuia mvua vizuri sana. Ila na redio nayo yanaizuia."

Akacheka puani. Akainuka, akaokota kigoda chake. "Haya, na wewe beba hicho kingine."

Tukahamia kwenye shamba la karanga lililokwisha kuvunwa, pembeni kuna miti miwili. Niliipanda yote miwili, nimevaa suruali chini ya gauni. Dereva akazima injini, maana nayo inatia kelele redioni. Fundi Mkuu akazungusha kitufe polepole. Sauti ikaja, safi, ya mwanamke anayeeleza namna ya kuchemsha maji ya kunywa.

Mwenyekiti akasikiliza, akanigeukia. "Anakwenda mbio huyu. Mwambie arudie."

"Baba, yuko Dar es Salaam."

Watu wakacheka, naye akacheka. Gari halikuhamishwa. Kigwa wakayamaliza masomo yao yote. Fundi Mkuu naye, Alhamisi iliyofuata aliutoa waya mwenyewe kabla sijauliza.

Baadaye nilipelekwa Nzega, kisha Urambo, chini ya mafundi wakuu wengine wawili. Watumishi walipopunguzwa nikarudi nyumbani, kabla sijafikisha miaka hamsini. Namshukuru Mungu, watoto wamesoma kwa kazi ile. Siku nyingine nayakumbuka mavumbi ya njia ile, nawakumbuka wenzangu.

Juzi vijana wawili wa ile ofisi ya Elimu ya Watu Wazima walikuja. Wamepata gari jipya la kulala humo humo, lina televisheni, wanataka ushauri: wanunue antena ya meno mengi au ile ya duara? Nikawaeleza kwamba ya duara inapokea pande zote bila kugeuzwa, lakini gari liwe karibu na mnara wa kurushia matangazo. Ya meno inafika mbali, ila kila mkisimama mtaigeuza kuelekea mnara. Kwa vijiji vyetu, wachukue ya meno.

"Na kabla hamjaifunga," nikawaambia, "mmoja wenu akamsalimie mwenyeji, aketi kidogo, ndipo aombe mahali pa wazi."

Mkubwa wao akatoa kalamu, akaliandika hilo kwanza.