Hitima ya Salim

Naandika masikio yangu bado yanawaka. Nimetoka Karagwe, Tanzania, kuja kujitolea mwaka mmoja hapa Msambweni, nikijigamba kwamba lugha haitanisumbua. Kiswahili si chetu?

Juzi Bi Mwanaisha, mwenyeji wangu, aliniambia, "Mwanangu, kesho kuna hitima ya Salim. Usikose." Salim ni mwanawe. Nalala chumbani mwake, na siku zote nilidhani yuko chuoni. Kwetu kuhitimu ni kumaliza masomo, basi nikaenda hadi Ukunda kununua taji la maua ya plastiki, lile la kumeremeta.

Nilikuta ubani unafuka na wanawake wameketi mikekani, kila mmoja na juzuu mkononi. Mimi nikadhani ni ratiba za sherehe. Nikapiga kigelegele.

"Hongera, mama! Salim yuko wapi nimvishe?"

Kisomo kilikatika. Jirani akanivuta kanga, akaninong'oneza, "Hitima ni dua ya marehemu."

Bi Mwanaisha alilitazama lile taji mikononi mwangu, kisha akaniinamishia kichwa.

"Nivishe mimi, mwanangu. Yeye hakujaaliwa kuhitimu."