Siku Nilipozima Bukari ya Mama Ngoie

Mkiniona nakula peke yangu ofisini, mlango wazi, msidhani ninaringa. Nina haya, na haya yenyewe nilijitafutia mchana kweupe, mbele ya hospitali nzima, nikiwa na kofia ya shantie, ile ngumu ya wajenzi, iliyoandikwa SHEFU.

Nasimamia upanuzi wa chumba cha upasuaji hapa Lubumbashi, ndani ya hospitali ambayo haifungwi, yaani huku tunapiga nyundo, kule mtu anazaa. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, alibaki nao Kongolo, na chumba nilichopanga karibu na uwanja wa ndege wa Luano kina kitanda na kelele za ndege tu (kuna jioni nilisalimia ukuta). Watu wangu walikuwa wale wanawake wanaolinda wagonjwa wao na kuwapikia uani, kila mmoja na mbabula yake, jiko dogo la makaa. Mama Ngoie, aliyemleta mume wake toka Lukafu na mguu uliovunjika, ndiye aliyeniita wa kwanza: "Mutoto yangu, kuya tukule." Toka siku ile kila mchana nilikaa kwenye tofali katikati yao, nikimega bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, nikitaniwa juu ya tumbo langu, na nilikuwa na furaha kabisa.

Basi siku hiyo lori la beto, zege la msingi, likataka kupita uani. Nikawaambia akina mama wahamishe mbabula nyuma ya ukuta mpya, kwa mchana mmoja tu. Mama Ngoie akauliza kama kule ni pazuri kweli, nami nikajibu bila hata kugeuka kwamba mwenye plani ni mimi (mwenye plani alisahau kwamba nyuma ya ukuta ule ule ndipo alipoweka mdomo wa mashine inayoingiza hewa chumba cha upasuaji).

Mashine ikavuta moshi wote, kengele ikalia, daktari akatoka akikohoa, akisukuma kitanda cha mgonjwa ambaye kwa bahati alikuwa hajapasuliwa bado, na mimi, badala ya kufikiri, nikashika chupa nyekundu ya kuzimia moto, nikakimbia nikipiga kelele moto, moto, nikazunguka ukuta, nikaona moshi, nikapuliza ule unga mweupe kwenye sufuria ya kwanza, ya pili, zote. Wagonjwa walikuwa madirishani na chupa zao za serumu. Unga ulipotua, mama Ngoie alikuwa amesimama na mwiko mkononi, mweupe mpaka kope.

"Haiko moto, papa," akasema polepole. "Iko bukari."

Madirishani wakacheka. Yeye hakucheka, maana mume wake alikuwa anangoja kula.

Nilinunua mikate, nikaigawa kitanda kwa kitanda, nikiomba radhi kila mahali, na wakanisamehe wote. Kesho yake mchana nilipofika uani mazungumzo yakakatika, mama mmoja akanifutia kiti cha plastiki, na tofali langu sikuliona. Nikarudi ofisini. Muda kidogo mama Ngoie akaingia na sahani iliyofunikwa kitambaa, akaiweka juu ya plani zangu.

"Chakula yako, bwana shefu."

Nikamwambia nataka kula nao kama zamani.

"Hapana, bwana shefu. Weye uko na kazi."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nimeapa sitahamisha tena jiko la mtu kabla sijakaa naye nikamsikiliza. Lakini sahani inaletwa ofisini kila mchana, nawasikia wakicheka uani, nakula, naiosha, naiacha mlangoni.