Mtu Mmoja Tu Ndiye Aliyelalamika

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mimi nilificha vizuri kabisa. Akaumbuka mwingine.

Nafanya kazi hospitalini, kitengo cha kompyuta. Nina diploma na kiti kibovu.

Mama mdogo, aliyetulea mimi na kaka yangu, ni karani wa stoo ya dawa hapo hapo. Dawa kali za maumivu zilikuwa zinayeyuka, na kila agizo lilitoka kwa jina lake. Alibadilisha neno la siri, akabadilisha tena. Zikaendelea kuyeyuka.

Jumatatu polisi wangeitwa.

"Mwanangu, sijachukua hata kidonge cha kichwa," aliniambia.

Sikulia. Nilikuwa kama fizi iliyopigwa ganzi: unaigusa, unajua ni yako, basi.

Stoo inatumia mashine kuu ya zamani. Karani anafungua dirisha jeusi lenye herufi za kijani, anaandika jina na neno la siri, anaingia. Shida iko njiani. Maneno yale yalikuwa yanapita kwenye waya uchi wa mnyama. Ukichomeka kompyuta yako kwenye kabati la nyaya, unayasoma kama gazeti.

Nikamwambia mkuu wangu tuyasimbe, yaani tuyavuruge njiani, yaje kusomeka huko yanakokwenda tu.

"Binti, mfumo huo umekuzidi umri. Ukiugusa ukalala, utauamsha wewe?"

"Sawa, mzee."

Nikaenda nikaugusa.

Makarani walipotoka kula, niliiwekea mashine kuu cheti chake cha kusimbia maneno, nikapita kompyuta moja baada ya nyingine kubadilisha mpangilio, kisha nikaifunga njia ya zamani. Waliporudi hawakuona tofauti. Dirisha lile lile, kijani kile kile. Sikumwambia mtu.

Hakuna aliyelalamika. Mpaka Jumapili mchana, mezani kwetu.

Kaka yangu ni fundi wa kamera za ulinzi wa hospitali hiyo hiyo. Hana akaunti ya stoo. Hana hili wala lile na stoo.

"We dada," akasema huku anatafuna, "ule mfumo wa stoo mmeufanyaje? Siku hizi takataka tupu. Kama mtoto kakalia kibodi!"

Mama mdogo akacheka. "Mbona kwangu mzima, baba? Jana nimeshinda nao kutwa."

Nikaweka kijiko chini.

Makarani wote waliona kijani safi. Takataka angeiona mtu mmoja tu: aliyekaa katikati ya waya, anasikiliza.

"Umeiona wapi?" nikamuuliza.

Taya likasimama.

"Nasikia tu watu wanasema."

"Watu gani?"

Mama mdogo akamtazama, akanitazama, halafu akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

"Mwambie umekosea," akaninong'oneza jikoni. Mimi ndiye niliyekosea, eti.

Jumatatu, kabla polisi hawajafika, nilimpeleka mkuu wangu kwenye chumba cha kamera. Nyuma ya kabati la nyaya, ambalo kaka ana ufunguo wake, palikuwa na kompyuta ndogo imechomekwa, bado inameza takataka. Maneno ya siri ya zamani yalikuwa humo yote, la mama mdogo la kwanza; ndilo alilokuwa akiagizia dawa kwa jina lake.

Polisi walipomtoa kaka, alinipita kama anapita ukuta. Nami nilikuwa ukuta kweli. Sikuhisi kitu.

Mama mdogo amerudi stoo. Tukikutana koridoni anageuza uso. Wajomba wamekaa kikao, wanasema ningemwonya kaka ndani kwa ndani, damu ni nzito kuliko maji.

Damu hiyo hiyo ilikuwa tayari kumwacha mama mdogo aende jela huku inakula mezani kwake.

Kama kazini kwenu bado mnaingia kwa dirisha jeusi, ulizeni maneno yenu yanasafirije. Msimwogope mgeni. Mgeni hana ufunguo wa kabati.

Kikao kinanitaka nikamwombe kaka radhi.

Siombi.