Upande wa Kushoto wa Boti

Gorong'a haina bahari wala ziwa. Ina mahindi, mihogo, ng'ombe na maneno mengi. Ndiyo maana Simioni Kisyeri aliporudi kutoka jeshini akasema kwamba kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kukaa kwenye boti akingoja ndege zianguke baharini ili aokoe waliomo, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkurya na maji ya chumvi wapi na wapi? Wakamwita Mzee Boti, na yeye hakuchukia. Kwenye kila sherehe alitakiwa awasimulie jinsi alivyotapika ugali wote siku ya kwanza, na jinsi alivyofundishwa kuogelea akiwa amefungwa kamba kiunoni kama ndama. Alijua kuchekesha, na mtu wa kuchekesha haulizwi maswali.

Lilikuwepo jambo moja ambalo hakulisimulia popote, hata kwa mkewe Rhobi.

Mwaka huu, baada ya mavuno, wezi waliswaga ng'ombe wa mjane mmoja mchana kweupe. Pale kijijini ng'ombe wa nyumba zote huchungwa pamoja, na wanaume hulinda kwa zamu, kila mmoja upande wake. Siku hiyo upande wa korongoni ulikuwa wa Mwikwabe, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, jirani yake Simioni. Mtu alipiga yowe la wezi upande wa kilimani. Mwikwabe akageuka, akakimbilia huko na mkuki wake. Kilimani hapakuwa na kitu. Aliporudi, nyayo za ng'ombe zilikuwa zimeteremkia korongoni.

Wazee wakaitisha ritongo, baraza la ukoo, wakakutana uwanjani penye josho. Mwenyekiti alikuwa Nyangwine, mzee mkavu asiyependa hadithi ndefu. Kila mtu alijua adhabu iliyokuwa inanukia, nayo ni kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, haombwi wala hapewi hata moto, na akifiwa hachimbiwi kaburi. Mama yake Mwikwabe, Elieth, alikuwa kitandani tangu Pasaka, hata uji ulikuwa unamshinda. Kwa hiyo adhabu ile haikuwa ya maneno tu. Ilimaanisha kijana atamzika mama yake peke yake, kwa jembe lake mwenyewe.

"Upande ule ulikuwa wa nani?" Nyangwine aliuliza.

"Wangu, tata," Mwikwabe alijibu, kama mtoto kwa baba.

"Nani alikwambia uangalie upande wa mwenzako?"

Mwikwabe akainamisha kichwa. Simioni alikuwa ameketi mstari wa pili. Swali lile alishawahi kulisikia, kwa Kiswahili kilichonyooka zaidi, kwenye chumba chenye meza ndefu.

Boti yao ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Ndege ikianguka, bahari inagawanywa vipande, kila askari anapewa chake, na macho yasitoke hapo. Kamanda wao alizoea kusema, "Hata mwenzako akisema amemwona Malaika Jibrili, wewe tazama kipande chako."

Siku moja ilianguka ndege ya mafunzo, na marubani wawili wakaruka kwa miamvuli. Kwenye daftari la boti iliandikwa kwamba kushoto yuko Nassib, kulia yuko Simioni. Nassib alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, mtu wa Pangani. Mara mbili Simioni alikwenda naye likizo kwao, kwenye nyumba yenye milango ya bluu karibu na kivuko. Mama yake Nassib alimpikia samaki mpaka akanenepa, akamwita mwanangu. Basi Nassib aliposema jua la kushoto linamchoma macho, wakabadilishana nafasi bila kumwambia mtu.

Robo saa baadaye Nassib akapaza sauti kutoka kulia, "Namwona!" Sekunde hiyohiyo Simioni alikuwa ameona kitu cheupe mbali, upande wa kushoto. Huenda alikuwa kiumbe wa baharini, huenda ulikuwa mkono wenye glavu. Akageuka kulia. Boti ikakata kona, wakamtoa rubani wa kwanza akiwa hai, wakakumbatiana kwa furaha. Simioni alipotazama tena kushoto palikuwa maji matupu, na hakusema neno.

Rubani wa pili aliokotwa na wavuvi siku ya tatu. Jaketi okozi lilikuwa mwilini, filimbi ingali katikati ya meno. Alikuwa amepuliza mpaka pumzi ikamwishia, na wao hawakusikia kwa sababu injini zao mbili zilikuwa zinanguruma.

Ofisa wa uchunguzi, nyuma ya meza ndefu, alifungua daftari. Kushoto alikuwa Nassib. Sasa ilikuwaje Nassib amwone mtu wa upande wa kulia? Basi aliacha kipande chake. Yaani kumwokoa yule mmoja ndiko kulikogeuzwa ushahidi kwamba alimpoteza mwingine.

"Afande, tulibadilishana," Nassib alisema. "Muulize Simioni, yuko hapa."

Simioni akaulizwa. Alikuwa anangoja cheo, na alikuwa anaogopa. Akajibu neno moja.

"Sikumbuki."

Nassib alifukuzwa jeshini, Simioni akapanda kuwa sajini. Walipoagana getini Nassib hakumtukana. Alimtazama tu, kisha akachukua begi lake akaenda zake. Laiti angemtukana.

Sasa miaka ishirini na saba imepita, na pale joshoni Simioni akajikuta amesimama.

"Mwenyekiti, naomba kusema." Akasema yote. Alieleza vipande vya bahari, kelele ya Nassib, kile kitu cheupe, filimbi, na lile neno moja. Machozi yakamtoka mbele ya watu ambao hawajawahi kumwona akilia. "Mimi nilikuwa askari, nimefundishwa miaka, na bado nilipoitwa niligeuka. Jicho huvutwa. Mkimtenga huyu, nitengeni na mimi, maana mimi nilimwachia mtu mwingine mzigo wangu."

Kisha mtu wa nyuma akacheka. "Mzee Boti leo kaleta ya kulia!" Kicheko kikaruka mstari hadi mstari. Hawakuwa wabaya. Kwa miaka yote aliwazoesha kwamba bahari ni ya kucheka, wangejuaje kwamba leo alikuwa anazama kweli?

"Asante, Simioni, umetuchangamsha," Nyangwine alisema, naye akijifuta macho. "Turudi kwenye ng'ombe."

Mwikwabe alitengwa mwaka mmoja.

Watu walipotawanyika hakuna aliyemkaribia. Simioni alimfuata, akamshika mkono hadharani, liwalo na liwe. Wakaenda pamoja mpaka kwenye lango la Mwikwabe. Simioni alitegemea shukrani, tuseme ukweli. Moyoni alishaanza kujiona mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Mwikwabe akasimama. "Tata, ile habari ni ya kweli, eti?"

"Ni kweli tupu, mura, kijana wangu."

"Mimi sikucheka. Niliona ni kweli." Akashika komeo la lango. "Huyo Nassib, ulishamtafuta ukamwambia hivyo?"

"Hapana."

"Umetuambia sisi. Sisi hatumjui." Hakuwa na hasira, aliuliza tu, akili yake ikiwa nusu kwa mama yake ndani. "Mimi nina mwaka mmoja. Yeye ana ishirini na saba. Nina mjomba dereva wa malori yanayokwenda pwani, angeweza kuulizia. Kwao ni wapi?"

Simioni aliiona milango ya bluu. Aliona kivuko na ngazi zake, na sahani ya samaki, na yule mama akimwambia ongeza, mwanangu. Angeweza kufika pale akiwa amefumba macho. Akafungua mdomo, na woga ule ule wa kwenye meza ndefu ukamrudia.

"Sikumbuki," akasema.

Mwikwabe akamtazama kidogo, kisha akaingia ndani kumgeuza mama yake kitandani.