Kibao Kilichokwenda Mkiwa

Kila mwaka nikifika kwenye somo la kitenzi cha Kiingereza, make, nalifundisha mbiombio kama mtu anayepita uani kwa jirani mwenye mbwa mkali. Naandika ubaoni, wanakariri, nafuta. Make tea. Make a bed. Make noise. Make a mistake. Make a promise. Make friends. Wanafunzi wangu wananishangaa, na wana haki. Sisi chai tunapika, kitanda tunatandika, kelele tunapiga, kosa tunafanya, ahadi tunaweka, urafiki tunaujenga. Kila kitu kina kitenzi chake. Mzungu yeye ana kimoja, anakizungusha kila mahali kama jembe la kuazima. Mwaka jana binti mmoja aliuliza, "Sasa mwalimu, hawa watu hawakichoki?" Darasa likacheka. Nikamfokea, nikamwambia akae chini, na hakuwa na kosa lolote.

Wa kufokewa ni mimi. Ngoja niseme, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Nilisoma bweni, shule ambayo jina lake sitaki hata kulitaja. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Bwenini tulikuwa tunasema anaipenda make kuliko mkewe. Ukutani alibandika karatasi ya manila yenye nomino zote alizoweza kuzifunga kwenye kitenzi hicho. Na juu ya hiyo karatasi, kwenye msumari, alitundika kibao.

Kilikuwa kipande cha mbao, ukubwa wa daftari kubwa, kina matundu mawili na kamba ya katani. Ukikutwa unaongea Kiswahili au, mbaya zaidi, Kinyaturu, unavishwa shingoni. Unazunguka nacho mpaka umnase mwenzako akiteleza, ndipo unamvisha yeye. Atakayekuwa nacho Ijumaa mchana paredi anachapwa na jina lake linaandikwa. Jina likifika mara tatu, unarudi nyumbani kumleta mzazi. Maneno aliyatunga mwalimu mwenyewe, kwa rangi nyekundu: DO NOT MAKE FRIENDS WITH ME. I SPEAK VERNACULAR. Yaani, msijenge urafiki na mimi, mimi naongea kilugha. Siku anatuonyesha alikuwa na furaha kweli. Alisema hata kwenye adhabu tutakuwa tunajifunza.

Mimi jina langu lilishaandikwa mara mbili. Baba alikuwa amesema, tena mbele ya shangazi zangu, kwamba akiitwa shuleni hata mara moja kwa ajili yangu, nitarudi na sanduku langu, na kuna mtu kule kijijini Unyambwa ameshaniulizia posa. Baba hakuwa mtu wa kurudia maneno. Nilikuwa kidato cha pili. Na Ijumaa hiyo ninayoisema, tangu asubuhi, kibao kilikuwa shingoni kwangu.

Nilikuwa na rafiki. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, mimi juu, yeye chini. Kwao ni Mkiwa. Darasani alituacha wote mbali, na ndiye aliyenikaririsha zile nomino tukiwa tunafua. Hakuwahi kuvaa kibao hata siku moja. Tulikuwa tunamtania kwamba hata akijikwaa analia kwa Kiingereza.

Saa sita mchana matroni alimwita pembeni ya bwalo. Getini baba yake mdogo alikuwa amesimama na pikipiki, kofia mkononi. Nikaona matroni anamshika mabega, anamwambia kitu. Mama yake amefariki. Rafiki yangu akaanguka chini, akaanza kumwita mama yake kwa Kinyaturu, kwa yale maneno ambayo mtoto mdogo anamwitia mama akiwa na homa. Hata mimi sikuwa nimeyasikia tangu nitoke nyumbani.

Nilimkimbilia. Naapa, nilimkimbilia kwa huruma. Nilipiga magoti nikamkumbatia, akaning'ang'ania, na ile mbao ikawa katikati yetu inatuchoma vifua wote wawili. Ndipo nikakumbuka kuwa ni Ijumaa. Nikaivua kamba kichwani kwangu, nikaipitisha kichwani kwake. Jamani! Na kumbembeleza sikuacha. Mkono mmoja unampapasa mgongo, mwingine unaweka kamba sawa. Matroni akaja na kanga, akamfunika mwili mzima, wakampakia kwenye pikipiki. Kibao kikaenda msibani chini ya kanga.

Paredi, mwalimu akauliza kibao kiko wapi. Nikataja jina la rafiki yangu. Akauliza kosa lake. Nikanyoosha mgongo, nikasema, "She made noise in vernacular, sir."

Akatabasamu. Alisema hiyo ndiyo sentensi, wengine waige. Akaiambia shule nzima inipigie makofi, nao wakapiga.

Siku ya nne darasa lilichagua wanne tukatoe pole, na mimi nikiwemo kama rafiki mkubwa wa mfiwa. Nani angenikataa? Tulikuta wameshazika. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya shamba la alizeti lililokwishavunwa. Kulikuwa na msalaba wa mbao. Chini ya jina la marehemu, kimepigiliwa misumari minne, kilikuwa kile kibao chetu.

Baba yake ndiye aliyetupeleka pale. Mzee wa watu, mkulima, Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji. "Wanangu," akasema, "mkamwambie mwalimu asante. Watu wameleta unga, wameleta kuni. Nyie shule mmetuletea maneno. Nimemuuliza binti yangu yanasemaje, akaniambia shule inatupa pole, inasema mama yao alikuwa mtu mwema."

Wenzangu watatu walisoma, wakainamisha vichwa. Mimi nikamtafuta rafiki yangu kwa macho. Alikuwa mlangoni, mdogo wake mgongoni, ananiangalia. Hakulia. Alikuwa amemdanganya baba yake ili asimwongezee msiba juu ya msiba, na sasa alikuwa anasubiri nitakachosema mimi. Ningeweza kusema, baba, hicho kibao ni changu, nisamehe, king'oeni. Maneno machache tu, tena ya Kinyaturu.

"Tumeshukuru, baba," nikasema. "Poleni sana."

Hakurudi shule. Wadogo zake walikuwa wanne na wa kuwapikia ni yeye. Mimi nikamaliza, nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa Kiingereza, na baba akachinja mbuzi. Wanasema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Waongo! Mimi ndiye mtenda, na sijasahau hata fundo la ile kamba.

Likizo iliyopita nilishuka Mkiwa kununua vitunguu barabarani. Mwanamke ambaye niliichagua ndoo yake akainua uso, na alikuwa yeye. Tulisalimiana kwa Kinyaturu. Akaniulizia watoto, akaniongezea vitunguu juu ya ndoo. Laiti angenitukana! Akasema, "Mzee alisikia umekuwa mwalimu. Kila siku anakuulizia, ana kazi yako."

Nikamfuata. Mzee alikuwa amekaa kaburini, kwenye kigoda. Kaburi limejengewa saruji sasa. Kibao kilikuwa mapajani kwake, mbao imepauka, herufi zimebaki kama makovu. Pembeni aliweka kopo la rangi nyekundu na brashi mpya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mungu amekuleta. Jua limekula maneno yenu. Niandikie upya."

Nilihisi kama mlango umefunguliwa. Nikamwambia kuna maneno mengine, mazuri kuliko hayo, nimwandikie hayo.

"Aa, hapana. Yaleyale. Mimi nikija kumsalimia mama yao nayatazama haya. Siyasomi, lakini sura zake nazijua moja moja. Ukibadilisha nitajua."

Nikamgeukia rafiki yangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilitaka kusema yote, pale pale, na sijui kama nilitaka kwa ajili ya mzee au kwa ajili ya usingizi wangu. Akanisogelea, akaniinamia sikioni.

"Usithubutu," alisema. "Ndicho kitu pekee kinachomfariji." Kisha akasimama wima, akasema kwa sauti, "Andika, mwalimu. Mzee anasubiri."

Nikapiga magoti, nikachovya brashi. Nikaanza kufuatisha herufi, moja baada ya nyingine, na mzee akawa anazifuata nami kwa kidole hewani, anatikisa kichwa kukubali. Nilipofika kwenye make nikaisimamisha brashi, rangi ikadondoka kwenye saruji. Mzee akaifuta kwa kiganja chake.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Usikosee."