Maneno Ambayo Mtani Alimpelekea Baba

Kijijini walisema sitafika popote. Mchunga ng'ombe yule, walisema, ataishia shimoni Rwamgasa. Shimoni nilishuka kweli, na dhahabu ya humo ndiyo iliyonilipia chuo. Leo nina stashahada ya maabara, gari, na nyumba hapa Kharumwa iliyoezekwa bati la msauzi. Hakuna aliyenishika mkono. Jioni nakula peke yangu kwenye meza ya watu sita.

Baba alipopata saratani ya tezi dume, sindano za kupunguza homoni zilimpa nafuu. Mkojo ukatoka vizuri, maumivu ya kiuno yakaisha, akaacha kliniki. "Nimepona," alimwambia mama.

Mimi nilijua hatari yake. Wataalamu wanaeleza kwamba ndani ya uvimbe huenda kuna seli chache, seli shina, zinazovumilia dawa huku zile nyingine zikifa, kisha zinazaa uvimbe upya. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu hata akijisikia mzima. Haya ningeweza kuyafundisha darasani. Lakini kwetu mtoto hataji maungo ya baba yake. Nilipojaribu, aliitikia shikamoo yangu, akasikia neno "tezi", akainuka kwenda kuangalia ng'ombe.

Nikamfuata mtani wetu, fundi baiskeli, maana mtani hana mwiko. Nilimweleza yote.

"Kumbe ni ndago," akasema.

Ndiyo, ni ndago: unafyeka majani, viazi vyake vinabaki ardhini.

Kesho yake nilisimama nyuma ya zizi nikiwasikiliza yeye na baba.

"We mzee, nimekuja kurithi. Hawa ng'ombe wekundu ni wangu ukifa."

"Utatangulia wewe, mwizi mkubwa!"

"Mimi sina ndago mwilini. Wewe umefyeka majani tu, unajiita mkulima. Mbegu zimo humo humo kwenye tezi. Zikichipua, huyu bibi yako namwoa mimi."

Baba alicheka hadi akakohoa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Zikirudi, zinauma?"

Mtani hakujua. Jibu nilikuwa nalo mimi, nyuma ya miti ya zizi, na sikuweza kulitoa.

"Tukawaulize hospitali," mtani akasema.

"Twende wote."

Niliwapeleka Shinyanga kwa gari langu. Walikaa kiti cha nyuma wakitukanana njia nzima. Mlangoni kwa daktari baba alimshika mtani mkono, wakaingia.

Muuguzi alinikuta kwenye benchi. "Baba, na wewe unasubiri kumwona daktari?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni dereva wao."