Spika ya Besi Ilipopumua

Nimenusa mengi. Kule Al Nahda, hapa Dubai, nimelala chumba kimoja na wanaume saba ambao soksi zao zilikuwa zikisimama zenyewe ukutani. Lakini harufu iliyokuwemo katika ukumbi wa ile shule ya Al Warqa, asubuhi tulipokwenda kufunga vyombo vya sauti vya mahafali, ilikuwa ya daraja lingine kabisa. Ilitupokea mlangoni. Kidogo tu itudai vitambulisho.

"Kuna mtu kafa humu," nikasema.

"Kama kafa, kafa zamani," akajibu Ami.

Ami alikuwa msimamizi wangu, mzee wa asili ya Unguja aliyezaliwa na kuzeekea Dubai, nasi tulimwita hivyo kwa heshima. Siku hiyo alikuwa ameniahidi kwamba nitakaa mimi kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, niuongoze ukumbi mzima. Miaka miwili nilikuwa mbeba nyaya. Nina cheti cha sekondari nilichokisotea shule ya jioni kule Mombasa, nikiwa na ndevu na watoto wawili, na tangu nikipate sijaona mashine ya kunitisha.

Mbele ya jukwaa alisimama madam, msimamizi wa majengo ya shule, mtandio umeziba pua. Pembeni yake alikuwa dada wa usafi, mtu wa Tanga, ameegemea fimbo ya deki kama askari aliyeshindwa vita.

"Siku ya tatu hii," madam akamwambia Ami. "Kila siku namwambia asafishe, na kila siku kunanuka zaidi. Wazazi wanaingia saa kumi. Ikifika adhuhuri bado kunanuka, khalas, napigia simu kampuni yake waniletee mwingine."

Alipoondoka, yule dada alinigeukia. "Kaka, nimepiga deki mara tisa. Nimefua mpaka mapazia. Nikirudishwa kampuni wananikatia tiketi ya kurudi kwetu, wala hawaulizi kosa."

Na mimi, badala ya kumpa pole, nikajitia mjuzi. "Labda ndoo yako ndiyo inayonuka, dada."

Kisha akachukua ndoo yake akaenda kuisugua, nje, juani. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile najisikia kutema mate.

Tulifanya kazi tumejifunga leso puani. Kila nilichokishika kilinichefua. Vipaza sauti vya shule, tuseme ukweli, havijawahi kuoshwa tangu viumbwe. Kimoja kilikuwa na rangi ya mdomo ya walimu wote tangu shule ifunguliwe, na mate yaliyogandana kwenye wavu wake yangetosha kubandika karatasi za ukutani. Chini ya jukwaa nilikuta ndizi iliyogeuka lami. Nikaitoa nikishangilia, nikidhani nimempata mhalifu. Harufu haikutikisika hata kidogo.

Kisha tukazisukuma spika za besi kutoka stoo ya kando ya jukwaa. Tulikuwa tumeziacha humo tangu Ramadhani, baada ya mashindano ya kusoma Kurani, kwa kuwa mahafali yalikuwa karibu. Stoo ilifungwa likizo nzima ya Idi, kiyoyozi kimezimwa, na joto la Dubai mnalijua wenyewe. Nikaziweka mbili chini ya jukwaa, moja kila upande, nikaketi kwenye mikisa kwa raha zangu, nikapandisha besi.

Spika ya besi ina tundu mbele, pana la kupitisha mkono, ambalo hewa hutoka kila inapopiga. Ndio pumzi yake. Basi ile ya kushoto ikapumua. Dum, na harufu ikatufikia. Dum, ikatufikia tena. Ilikuwa inakuja kwa mapigo, tena kwa wakati wake barabara, kama mpiga ngoma hodari. Dum ya nne, Ami akakaa kwenye kiti cha mgeni rasmi akafumba macho.

Hapo ndipo kumbukumbu ikanishuka.

Siku ile ya mashindano, mke wa Ami alinitumia kibakuli cha samaki wa kupaka nifuturie. Tulikuwa wafanyakazi sita, na nilijua adhana ikilia nitabaki kugombania mwiba. Nikatafuta maficho. Besi hatukuiwasha, maana msomaji wa Kurani hahitaji besi, nikaona tundu lile limeumbwa kwa ajili yangu. Magharibi ilipoingia, shule ikatugawia tende na biriani. Nikala sahani mbili, ukitaka ukweli tatu, na samaki nikamsahau.

Nikazima mashine. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono wa kulia mpaka begani. Kifuniko kilikuwa kimefyatuka. Nilichokigusa kilikuwa laini na cha uvuguvugu, na nakuapia, kilinigusa pia.

Ami alikitazama kibakuli. "Hicho si cha mke wangu? Mwezi mzima ananisuta kuwa nimekipoteza mimi." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Skiliza, mwanangu. Sema panya. Panya kafia ndani, yamekwisha. Ukisema kweli, mimi sitaweza kukuweka kwenye mikisa mbele ya madam."

Nilikuwa tayari kusema panya. Neno lilikuwa mdomoni. Ila kupitia mlango wa pembeni nilimwona yule dada amechutama juani, anaisugua ndoo isiyo na kosa, na madam anamjia akiwa na simu mkononi. Panya angekuwa wa nani, kama si wake?

Nikatoka na kibakuli nimekinyoosha mbele. "Madam, ni mimi. Ni samaki wangu wa futari. Nilimficha ndani ya spika."

"Ndani ya spika?"

"Ndani kabisa, madam."

Alirudi nyuma hatua tatu, akaangalia mkono wangu uliokuwa ukichuruzika mchuzi wa kijivu, akaitia simu mkobani. "Yalla, safisheni," akasema, akaenda zake. Hakumwambia yule dada hata nusu neno. Kati ya machukizo yote ya siku ile, hilo ndilo lililonikaa muda mrefu zaidi, na samaki nikimhesabu.

Mikisa alikaa Ami. Mimi nilifungua spika nikaisugua ndani kwa siki na sabuni, na wakati wazazi wanapiga makofi nilikuwa bado nasugua vidole vyangu kwenye sinki la nyuma.

Yule dada akaja kusimama kando yangu, akaitua ndoo yake. Ilikuwa inang'aa kuliko sinki.

"Huo si mkono wako wa kulia, kaka?"

"Ndio huo."

Akanimiminia dawa ya chooni kiganjani, akajaza pomoni. "Basi leo utakula kwa kijiko."